Shangazi, ni suruali yake au ni sisi wa kijiweni?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naendesha bodaboda hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kwetu asili ni Ujiji, ila baba alipofariki tulihamia huku na mama na mdogo wangu wa kike. Huyo mdogo wangu ana miaka 19, anafanya kazi kwenye duka la steshenari, anachapa barua za watu na kutoa kopi. Mshahara wenyewe si mkubwa, lakini luku ya nyumbani anainunua yeye, nisikufiche.

Mwezi uliopita alirudi analia. Kumbe alipokuwa anapita kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda, si cha kwetu, cha upande wa pili wa soko, jamaa walimwita. Ikaanza "mtoto mzuri", ikaja "sista panda nikupeleke bure". Hakuitika. Mmoja akamfuata akamshika mkono, mwingine akampiga kofi la makalio. Alipogeuka kuwasema wakamjibu, "Kama hutaki kushikwa usivae hivyo, unajidai nini?" Siku hiyo alikuwa amevaa suruali ya jinzi na blauzi ya mikono mirefu.

Mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, ni mtu wa dini na hana maneno mengi. Alisikiliza, akasema, "Nilisema mimi." Kwamba mwanamke ni stara, na anayetembea hivyo anaita balaa kwa jina lake. Mimi nami, Shangazi, hasira zote nikazimalizia nyumbani. Nikachukua suruali zake tatu nikazifungia kwenye tranka, ufunguo ninao mfukoni mpaka leo. Kesho yake nikamnunulia madera mawili na mtandio. Nilijua nimemaliza.

Alhamisi iliyopita, magharibi, alikuwa anatoka kazini amevaa dera hilo hilo nililonunua mimi, na mtandio kichwani. Akapita kijiweni kwetu kunitafuta. Mimi nilikuwa nimepeleka abiria Bangwe. Wakamwita, akanyamaza. Mmoja akamzibia njia, mwingine akamvuta mtandio, "Ustadhati, funua kidogo tuone." Ndipo nikatokea. Aliponikimbilia, wote wakashtuka: "Aaa, kumbe ni dogo wako! Samahani mkuu, hatukujua." Basi ikawa sherehe. Wakamtolea kiti, wakamnunulia soda, mmoja akataka ampeleke nyumbani bila hela. Mimi nikacheka nao, yakaisha.

Kumbe hayajaisha. Tangu siku hiyo mdogo wangu hasemi na mimi. Chakula ananiwekea, anaondoka. Ile soda hakuigusa.

Sasa nimechanganyikiwa. Mama anasema labda kitambaa cha dera ni chepesi, tununue baibui. Wenzangu kijiweni wanasema mwanaume kaumbwa hivyo, jicho likiona mwili unaamka, wa kujirekebisha ni yule anayeonekana. Mzee mmoja anasema huo ni utani tu, huku kwetu watu ni watani. Na nikuambie ukweli, hata mimi huwa napiga mluzi na kuitaita. Kumshika mtu, hapana, sijawahi. Shangazi, kosa ni la nguo au la tabia zetu? Nimvalishe baibui? Nimwachishe kazi? Au nirudi kwa wale wa kijiwe cha kwanza tukapigane?

Kaka Mtu, Mwanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea jirani yangu muuza mawese, mama wa mabinti wanne, tukiwa tunachambua mchele. Alisikiliza kimya mpaka pale waliposema "hatukujua". Hapo akaweka ungo chini.

Na mimi ni hapo hapo nilipokwama, kwa sababu jibu la swali lako umeliandika mwenyewe kisha ukalipita, kama dereva aliyempitiliza abiria wake. Rudi nyuma ulitazame. Dera lilikuwa lile lile. Mtandio ule ule, tena ulikuwa umeshavutwa. Jioni ile ile, binti yule yule. Kilichoongezeka ni kimoja tu: wewe ulitokea na pikipiki yako. Na mikono iliyokuwa haizuiliki ikarudi mifukoni kabla hujazima injini. Kama nguo ndiyo iliyowaamsha, mbona nguo haikubadilika na wao wakalala?

Wenzako wanasema mwanaume kaumbwa hivyo. Basi hao walioumbwa hivyo wana breki nzuri sana, maana zilishika kwa kukuona tu. Mwenye degedege haachi kutetemeka eti kwa sababu kaka mtu kaingia.

Sasa lisikilize neno lenyewe. Hatukujua. Hawakujua nini? Kwamba ni binadamu walijua. Kwamba hataki walijua, alinyamaza, na aliyezibiwa njia hajachagua kusimama. Wasilolijua ni kwamba ana mwenyewe. Walimdhania embe lililodondoka njiani, atakayewahi aokote. Na samahani waliiomba kwa nani? "Samahani mkuu." Mkuu ni wewe. Aliyevutwa mtandio alipewa soda, kama mtoto aliyejikwaa. Nawe ukacheka.

Usitafute mbali sababu ya kununiwa.

Nirudi kwenye nguo, maana ndiyo uliyoniuliza, na nguo mimi nazijua. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji. Mwaka 1987 nilikuwa wa rika la huyo mdogo wako, nikatumwa Tabora kwa shangazi yangu mimi. Stesheni ya Kigoma siku ya treni ilikuwa vita, hasa kwetu sisi wa daraja la tatu. Nilikuwa nimevaa baibui jeusi mpaka kwenye nyayo, na ushungi. Mkono mmoja dumu la mawese, mkono wa pili kapu la migebuka mikavu. Kwenye msukumano wa mlangoni mtu akanishika mahali ambapo sitapaandika hapa. Nikapiga kelele. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa nyuma yangu akanivuta bega, akaninong'oneza, "Nyamaza mwanangu, unajiaibisha." Mimi ndiye ninayejiaibisha! Dumu nimebeba, kapu nimebeba, na aibu yake yule mtu nikabebeshwa mimi. Usiku kucha ndani ya treni nilikuwa nawaza baibui langu lilikosa nini. Yule hakuona hata kifundo cha mguu. Hakuhitaji kuona. Alihitaji msongamano, na msichana ambaye mikono yake yote miwili imejaa.

Tangu hapo nikawa na tabia ya kuwaangalia wanaoshikwa. Muulize mama yako, lakini umuulize mkiwa wawili tu na usimkatishe, yanayotokea mwaloni alfajiri maboti yakifika. Wanawake wanaogombania dagaa pale Kibirizi au Katonga wamevaa sweta kuukuu na khanga mbili zilizopauka, wamelowa mpaka magotini, wananuka samaki. Nao hufinywa. Wanafunzi je? Sketi ya sare imepita magoti, soksi, shati limechomekewa, vazi ambalo wamepangiwa, hawakulichagua, na bado kila binti wa sekondari anakijua kijiwe cha kukizunguka. Mwulize yeyote anapita njia gani kwenda shule, kisha mwulize kwa nini hapiti ile fupi.

Halafu geuza upande wa pili. Wavuvi wetu wakishuka asubuhi wako kifua wazi, bukta imelowa na kugandamana, siri hakuna. Ni mama gani wa Kibirizi uliyesikia kamrukia mvuvi kwa sababu jicho limeona na mwili umeamka? Wanagombana bei. Mmasai akipita Mwanga anauza dawa zake na mikanda, paja liko nje na upepo wa ziwa nao haukosi mambo yake. Hakuna aliyemwambia funua kidogo tuone. Kwanza ana rungu.

Na kuna jambo jingine nimeliona kwa miaka mingi, ingawa sijui kama kuna mtu ameliandika. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, vijana wanashinda bure, vijiwe vinafurika. Siku hizo ndizo mabinti wa mtaani kwangu hulalamika zaidi. Nguo zao hazijafupika kwa sababu mwezi umejaa.

Usinisome vibaya lakini. Mimi si mtu wa kusema kila mmoja avae lolote popote, na jirani yangu wa mawese ana maneno makali kunishinda kuhusu skin-taiti msibani. Vazi lina adabu na mahali pake. Ila binti aliyekosea kuvaa msibani anaitwa pembeni na mashangazi zake, anafungwa khanga, yameisha. Hapigwi makalio na waombolezaji. Hizo ni kesi mbili, na wale wa kijiweni wanapenda kuzichanganya kwa sababu kwenye ile ya kwanza watapata wazee wa kuwaunga mkono.

Hata hivyo vipimo vya adabu wanavyovishika vinahamahama. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969: marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Mwezi ule ule wa Oktoba makundi ya vijana Kariakoo yalikuwa yanawashusha wanawake kwenye mabasi na kuwashambulia, kwa jina la heshima ya taifa. Na karibu na wakati huo huo, 1967 na 1968, kule Umasaini serikali ilikuwa inawakazania wanaume waache rubega wavae suruali, ati ndiyo ustaarabu. Leo suruali imekuwa kesi Mwanga na imefungiwa kwenye tranka. Novemba 2014 Nairobi wanaume walimvua mwanamke nguo kituo cha mabasi wakidai amevaa vibaya, yaani uchi waliodai kuuchukia wakautengeneza wao kwa mikono yao. Maelfu ya watu wakajaa mitandaoni na wengine wakaandamana barabarani kusema nguo yangu, uamuzi wangu.

Mama yako simlaumu. Yeye anamtakia mwanawe usalama, na silaha pekee aliyopewa na yeye na mama yake ni kitambaa. Lakini kwa kuwa ni mtu wa dini, kaa naye mfungue Sura ya An-Nur pamoja. Aya ya 31 inayozungumzia stara ya wanawake kila mtu anaijua, hata asiyeswali. Aya ya 30 inakuja kabla yake, nayo inawaambia waumini wanaume wainamishe macho yao. Wameanza kuambiwa wanaume. Na haikusema wainamishe macho kama aliyepita kavaa vizuri. Wenzako Wakristo wa kijiweni nao wasicheke, wafungue Mathayo 5:29 waone jicho linalokosesha linafanywa nini. Linang'olewa la mwenyewe anayetazama.

Huyo mzee wa utani ameniudhi kuliko wote, maana utani naupenda. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako akalala kwenye jeneza akidai ndiye marehemu, akanyang'anya chakula, akamtukana marehemu ubahili wake, na watu wakacheka huku wanafuta machozi. Lakini mtani anajulikana. Unajua kabila lake, anajua lako, na akikutania leo kesho unamrudishia kwa kipimo kile kile. Mdogo wako angewavuta wale vijana suruali kesho yake, wangemwita mtani? Mtu ambaye humjui jina, ukamzibia njia giza linaingia, huo si utani wa Waha wala Wanyamwezi wala wa kabila lolote nililowahi kuishi nalo.

Haya, maswali yako.

Baibui, kama mwenyewe analipenda, ni vazi zuri, mimi nalivaa mpaka leo. Usimvalishe kama ngao, kwa sababu si ngao. Misri, nchi ambayo wanawake wengi hufunika nywele, ripoti ya UN Women ya mwaka 2013 ilikuta asilimia 99.3 ya wanawake waliohojiwa wamewahi kukutana na udhalilishaji wa aina hii. Na tazama hesabu unayoianza: jinzi ikawa dera, dera likawa baibui, baibui likishavutwa mtakwenda wapi? Mtamfungia ndani. Ndiyo maana swali lako la pili lilikuwa kumwachisha kazi, ingawa huenda unaona maswali hayo mawili yamefuatana kwa bahati tu.

Kazi asiache. Aache kwa nini, ameiba?

Kupigana, hapana. Ukienda kupigana utakuwa umesema kwa ngumi kile kile walichosema wenzako kwa soda, kwamba aliyekosewa ni wewe. Utalala mahabusu, na atakayehangaika kukutafutia dhamana ni yeye huyo huyo, kwa mshahara wa steshenari. Kama mdogo wako anataka wale wa kijiwe cha kwanza wachukuliwe hatua, na uamuzi uwe wake, njia ipo. Kwenye Kanuni ya Adhabu kuna kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kinamhusu anayemdhalilisha mwenzake kijinsia kwa vitendo au hata kwa maneno tu, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru mhusika alipe fidia. Lile kofi nalo linaweza kuangukia kwenye shambulio la aibu, kifungu cha 135. Kifungu hicho cha udhalilishaji hakiulizi mlalamikaji alikuwa amevaa nini. Aende kituo cha polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, aende mapema, aandike kwanza siku, saa, mahali, maneno waliyosema, na namba za vizibao vyao kama aliziona. Wewe nenda naye ukakae kwenye benchi. Ukiulizwa wewe, sema aulizwe yeye. Najua kaunta za polisi si zote zina masikio, na anaweza kukutana na askari atakayeanza na "ulivaa nini?" Ndiyo sababu nasema usimwache aende peke yake.

Sasa kijiwe chako, na hapa ndipo penye kazi yako wewe, si yake. Vijiwe vya bodaboda vina mwenyekiti, vina katibu, vina daftari. Anayeruka foleni ya abiria mnamtoza faini, asiyechangia mwenzenu akifiwa mnamjadili. Kwa hiyo msiniambie hamwezi kutunga sheria. Siku ya kikao simama useme: anayemshika mpita njia, anayemzibia njia, anayemtukana kwa kuwa hakuitika, faini, akirudia, hapaki hapa. Watakucheka. Watasema umetawaliwa na mdogo wako. Waambie habari ya hela basi, hiyo wataielewa: huyu jirani yangu mabinti zake wanne hutembea hatua mia mbili zaidi kufuata bajaji ili wasipite kijiwe cha pikipiki kilichopo mlangoni kwao. Kichwa kimoja kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni, mara wanne, mara siku sita. Fanyeni hesabu hiyo mkiwa mmekaa pale mnasubiri abiria.

Usije ukasema "mwacheni kwa sababu ni dogo wangu". Hiyo sheria tayari mnayo na tumeona inavyofanya kazi: inamlinda mmoja, na binti anayefuata nyuma yake ambaye kaka yake yuko Kasulu au hana kaka kabisa analipia.

Na mluzi wako. Nilijua ungeuweka mwishoni kabisa, mstari mmoja, kama mtu anayetaja deni dogo. Sikulinganishi na wale walioshika. Lakini fikiria unavyosikika kwa anayepita. Yeye hajui kama wewe ni yule wa mluzi tu au ni yule wa kofi, mnaanza na wimbo mmoja. Kwetu Kigoma kusalimiana ni ada, mtu akinipita bila kuniambia mwakeye nitauliza nimemkosea nini, kwa hiyo sisemi wanaume mtazame chini msimsalimie mtu. Salamu unaijua. Unasalimia mama mtu mzima, unasalimia mwalimu, asipoitika unadhani hakusikia, unaendelea na mambo yako. Wale walimwita mdogo wako, hakuitika, likafuata tusi na kofi. Wewe ukipiga mluzi na binti asipogeuka, huwa unasema nini baadaye? Usinijibu mimi.

Mdogo wako hujamwambia samahani. Barua nzima nimetafuta, hakuna. Wa kijiweni walikuomba wewe, na wewe hukuipeleka kwa mwenyewe. Nenda, lakini usiende na soda, wala khanga, wala hela. Mwambie kwamba ulicheka na hukupaswa kucheka. Mwambie kwamba alipopigwa kofi wewe ulimwadhibu yeye. Useme hayo mawili tu, usiongeze "lakini", usimweleze jinsi ulivyokuwa na hasira. Akinyamaza, ondoka. Akilia, kaa. Akikutukana, mwanangu, sikiliza mpaka mwisho, maana huenda yako matusi ya vijiwe vyote aliyoyaweka tangu darasa la sita na hajapata wa kumwambia.

Kisha lifungue hilo tranka. Suruali zimelala humo mwezi mzima, zitakuwa zinanuka. Zifue mwenyewe, zipige pasi, umwekee kitandani na ufunguo juu yake. Asipozivaa wiki hiyo usimwulize. Akivaa dera usimwulize pia, ni lake.

Na luku ya mwezi huu nunua wewe.

Shangazi yako